Sinema Iliyonirudisha kwa Talato

Sehemu ya tisa

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuufungua ukurasa huu, keti nikueleze kwa ufupi, halafu twende pamoja.

Naitwa Yampoko. Ni mjane wa miaka sitini na minane, nauza wali na maharage karibu na stesheni ya Koudougou. Mwaka juzi mwongozaji wa filamu, Madamu Rosalie, alikula kwangu, akanitazama uso kwa muda mrefu, akaniuliza kama naweza kuigiza. Nikamwambia mimi hata kudanganya sijui.

Huo ulikuwa uongo.

Alinipa nafasi ya mama mbaya, anayemtoa binti yake wa miaka kumi na mitano kwa mzee, kama shukrani ya wema aliowatendea. Filamu ikapakiwa kwenye gari, ikaanza kuzungushwa vijijini. Watu wanaitazama, kisha wanajadiliana. Ni filamu nzuri na inafundisha. Shida ni kwamba mfano wa kufundishia ni mimi.

Mmeshasoma jinsi wateja walivyonihama, jinsi mke wa mwanangu wa kiume alivyowaondoa wajukuu kwangu, na jinsi nilivyomwagiwa maji ya vyombo sokoni na mwanamke nisiyemjua. Wote waliisahau sura ya yule mzee wa kwenye filamu. Yangu haikuwatoka.

Na wiki iliyopita niliwaambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Sikuigiza. Miaka thelathini na moja iliyopita nilimtoa binti yangu Talato vilevile.

Mume wangu, Sibiri, alikuwa mahututi. Mkulima mmoja aitwaye Nobila, wa kijiji cha Sabtenga, alimlaza kwenye mkokoteni wake wa punda, akamfikisha hospitali, kisha akatulisha mtama wake wakati ule wa njaa. Kwetu sisi Wamosi, wema wa namna hiyo ulishukuriwa kwa kumpa aliyeutenda mke. Mimi nilikuwa na binti mmoja tu.

Basi gari la sinema likapangiwa Sabtenga, anakoishi Talato. Nikaomba niende nalo, kama nilivyokwisha kwenda vijiji vingine. Nilitaka kitu kimoja: anitazame usoni na kuniita mama, hata mara moja, kabla sijafa.

*

Anayeendesha lile gari, na anayeongoza mjadala baada ya filamu, ni Toé. Yeye ni Msamo, mtani wetu sisi Wamosi. Ninyi mnaujua utani, sina haja ya kuueleza. Msamo anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu, na mimi nikacheka.

"Mtumwa wangu, umefunga mkanda?" akaniuliza tulipotoka mjini.

"Nimefunga, mla mbwa."

"Mbwa yupi, bibi? Si mliwaiba wote?"

Kwa kawaida namjibu mpaka tunafika. Siku hiyo nikanyamaza. Akanipa mkate, nikaushika tu mkononi.

"Una nini leo?"

"Uzee."

"Uzee ulikuwa nao jana, na ulikula sahani mbili."

Nikachoka kuficha. Nikamwambia yote, pale barabarani, huku nikiutazama ule mkate. Akalisogeza gari pembeni, akazima injini.

"Kwa nini hukuniambia kabla sijajaza mafuta?" akasema mwishowe.

Kisha akatoa mto aliokuwa ameukalia, akauweka mgongoni pangu, akaliwasha gari. Sabtenga si mbali. Ni mwendo wa saa mbili. Mimi nimetumia miaka thelathini na moja.

*

Tulifika alasiri. Walikuwa bado hawajaiona filamu, kwa hiyo walinipokea kama bibi yeyote. Mwanamke mmoja, Habibou, alinikalisha kivulini na kuniletea maji ya unga wa mtama yenye tangawizi. Akasimama kando mpaka nikayamaliza, ili nisipate taabu ya kutafuta pa kuweka bakuli.

"Hapa kuna mama anaitwa Talato?" nikamuuliza.

"Wako watatu. Unamtaka mjane wa Nobila?"

Sikujua kama Nobila alikuwa amekufa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Yuko shambani kwake kwenye vitunguu. Atakuja jioni. Yule hakosi sinema. Ni ndugu yako?"

"Namfahamu tangu mdogo."

"Basi utafurahi kumwona. Ni mtu wa watu, isipokuwa hapendi kuulizwa kwao."

Nikamnyooshea bakuli tupu. Habibou akalipokea bila kuuliza neno.

*

Jioni kitambaa cheupe kilitandazwa katikati ya kiwanja. Watu wote wakakaa mbele yake. Mimi nikakaa nyuma, upande wa jenereta. Ukiwa nyuma ya kitambaa filamu unaiona, ila kulia kunakuwa kushoto. Nimeitazama hivyo mara nyingi. Nikiwa upande ule najiona kama mtu mwingine.

Ikafika sehemu yenyewe. Yule mama anampa binti kibuyu cha pombe ya mtama, ampelekee mzee. Katika karatasi za Madamu Rosalie nilitakiwa kusema neno moja tu: "Nenda." Siku ya kupiga picha nikalisema hilo, na mdomo ukaendelea wenyewe.

"Nenda. Keti mlangoni pao mpaka wakurudishie kibuyu. Usirudi bila kibuyu changu."

Madamu Rosalie alinikumbatia siku ile. "Mama Yampoko, maneno hayo umeyatoa wapi?"

Nikamwambia yamekuja tu.

Ndiyo maneno niliyomwambia Talato. Nilikuwa nimeshapatana na watu wa Nobila kwamba kibuyu hakitarudi. Mtoto wangu alikuwa mtiifu. Nilijua hatarudi bila chombo cha mama yake.

Kiwanja chote kilikuwa kimya. Halafu, katikati ya ule ukimya, mwanamke mmoja akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu. Nikasikia benchi likisukumwa na mtu akiondoka.

Filamu ilipokwisha, Toé akawasha taa. Nilikuwa nimesimama vibaya, ikanimulika.

"Ndiye huyu," mtu akasema.

"Nani?"

"Mama wa kibuyu. Si ndiye aliyekunywa maji kwa Habibou mchana?"

Wakanizunguka. Mama mmoja akamvuta binti yake nyuma ya kanga. Kijana mmoja akanisogelea karibu sana. "Na hapa umekuja kumchukua nani? Toka kijijini kwetu."

"Ni filamu tu, ndugu zangu," akasema mwalimu wa shule.

"Filamu? Uso ule mtu haujifunzi. Ule ni wake."

Alikuwa amesema kweli. Toé akapita katikati ya watu, akaniwekea mkono begani.

"Samahani, wenye kijiji. Huyu ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua bibi yake kwa kichwa kimoja cha mbwa, na bado tulipunjwa. Mnataka kumpiga? Sawa. Lakini kwanza mniletee mwingine wa kunipikia, na awe na meno."

Mmoja akacheka, kisha wawili. "Msamo, mchukue mtu wako," mzee mmoja akasema. "Na kwa kuwa mmepandisha hasira, mjadala tutaufanya asubuhi, pale shuleni. Watu wakalale."

Nilidhani nitalala kwenye gari. Habibou akanishika mkono.

"Wewe si umeona filamu?" nikamwambia. "Huniogopi?"

"Nimeiona. Lakini maji yangu nilikupa kabla ya filamu, na siwezi kukutapisha. Njoo ulale."

*

Asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Nilitafuta kwa macho msichana mwembamba wa miaka kumi na mitano. Ni upumbavu, najua. Lakini huo ndio umri niliomwacha nao.

Toé alianza kama anavyoanza siku zote. "Tumeona. Sasa semeni. Nani ana makosa?"

Mzee mmoja mwenye kofia ya ukili akaomba maiki. "Mimi nitasema msilotaka kusikia. Yule mama alikuwa na shukrani. Siku hizi mtu akimwokoa baba yako unampigia simu, 'asante sana', basi. Zamani tulijua kushukuru."

"Mzee, ungeshukuriwa kwa mbuzi ungekufa?" akauliza mwanamke mmoja.

"Mbuzi hajui kupika."

"Na mkeo je? Mbona umekonda hivyo?"

Watu wakacheka, yeye mwenyewe pia. Kisha akasimama mama mmoja mnene, jasho likimtoka ingawa jua lilikuwa bado dogo.

"Mimi sina maneno mengi. Binti yangu yuko darasa la sita. Watu walileta njugu za kola za kumposea, nikazipokea. Jana sikupata usingizi, kila nikifumba macho naona kile kibuyu. Nimezifunga zile kola kwenye kitambaa. Mume wangu yuko pale, anisikie. Nazirudisha leo."

Mumewe akaitazama ardhi. Binti, aliyekuwa kwenye benchi la mbele, alikunja vidole vyake na kuvikunjua.

Nimelisikia jambo hilo katika vijiji vinne sasa. Sitamani filamu ile isingepigwa. Inikalie mimi kichwani, iwatue wao.

Halafu msichana mmoja akauliza, kwa sauti ndogo hadi Toé ikabidi amsogezee maiki mdomoni. "Kwa nini mama yake hakumwambia ukweli? Pengine angekubali. Pengine angekimbia. Lakini angejua kwamba hakuna kibuyu cha kungoja."

Watu wakageuka kunitazama.

"Mwigizaji aseme," mwalimu akapendekeza. "Aeleze alivyoifanya ile sehemu."

Toé akanijia. Akafunika maiki kwa kiganja. "Bibi, si lazima. Naweza kuwaambia una kikohozi."

"Nipe," nikasema.

Nilisimama. Nikaegemea meza ya mwalimu.

"Jana kijana mmoja alisema uso huu ni wangu. Ni wangu. Sikuigiza. Nilikuwa na binti, na nilimtuma na kibuyu hapa hapa Sabtenga, nikijua harudi. Binti mwenyewe ni Talato, mjane wa Nobila."

Nilisikia pumzi za watu.

"Nobila alimwokoa mume wangu, akatulisha. Mimi na baba yake Talato tukakaa, tukaamua. Tuliona hatuna kingine cha kumpa. Sikumwambia ukweli kwa sababu angenitazama. Nimekuja kumwomba msamaha. Akitaka kunifukuza, nitaondoka."

Kisha watu wa nyuma wakaachana, wakampisha mtu.

Mwanamke aliyekuja alikuwa mtu mzima, mvi juu ya kipaji cha uso, miguu ina udongo wa bustani. Alitembea kama Sibiri, bega moja likitangulia. Ningemjua popote kwa hatua zile.

Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Toé, akaomba maiki ya pili.

"Aliyecheka jana ni mimi," akasema. "Mnisamehe, niliwaharibia sinema. Nilicheka kwa sababu yule msichana alilia. Mimi sikulia. Nani aliwaambia nililia?"

Alikuwa akiongea na watu wote, si na mimi.

"Nilikaa mlangoni pa Nobila siku tatu. Kila aliyepita aliniuliza nafanya nini, nikamwambia nangoja kibuyu cha mama. Wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani ndiyo desturi ya huku. Siku ya tatu mke mkubwa akatoka, akakaa chini kando yangu. Akaniambia, 'Mwanangu, kibuyu nilikipasua mimi mwenyewe ile siku uliyofika. Ndivyo nilivyoambiwa nifanye.' Akanipa chakula. Akanilisha kwa mkono wake, maana wangu ulikataa kufunguka."

Akaihamishia maiki mkono wa pili.

"Huyo ndiye niliyemwita mama mpaka alipofariki."

Nikatikisa kichwa kumkubalia. Nilifurahi, niamini. Usiku mwingi nimejiuliza kama kuna mtu alimlisha. Kumbe alikuwepo.

"Nobila hakuwa mtu mbaya," akaendelea Talato. "Kwenye sinema yenu mmemfanya mbaya, mmemwonea. Alikuwa mzee, na mimi nilikuwa mtoto, hilo ndilo lilikuwa baya. Hata huyu mama, nilikuwa nimeshaanza kumsahau. Niliyemchukia ni baba."

Hilo sikulitarajia.

"Kabla hawajampakia kwenye mkokoteni, baba alinishika mkono. Aliniambia, 'Ningoje, Talato, nikipona tutapanda pamoja.' Nilimwamini. Halafu akanitoa."

Sasa akanigeukia. Yale macho niliyoyaogopa miaka thelathini na moja yalikuwa juu yangu, na hayakuwa na machozi.

"Umesema wewe na baba mlikaa, mkaamua. Nataka kukuuliza mbele ya hawa watu. Baba alikuwa hospitali. Mlikaa wapi?"

Wasomaji wangu, ninyi nitawaambia kabla sijamwambia yeye.

Sibiri hakujua. Alirudi nyumbani baada ya miezi miwili akitembelea fimbo, na kabla ya kukaa akauliza, "Talato yuko wapi?" Nikamwambia amempenda Nobila, amemfuata kwa hiari yake, na amesema asitafutwe. Aliniamini, kwa sababu hakuwahi kunikamata na uongo. Mwaka uliofuata, kabla ya mvua, alitoka na fimbo yake bila kuniaga, akarudi kesho yake. Sikumuuliza alikotoka, naye hakusema. Alifariki mtama ukiwa bado mchanga.

Na pale mbele ya watu wote, nikiwa nimekuja kuomba msamaha, nikasikia bado ninamtwisha marehemu nusu ya mzigo. Sijui kwa nini. Pengine mtu akizoea kuegemea ukuta, huendelea kuuegemea hata wakati wa kukiri.

"Nakuuliza," akasema Talato, "kwa sababu baba alikuja hapa. Mara moja. Alisimama pale nje kwetu tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, akiniita. Mke mkubwa akanisihi nimfungulie. Nikaweka gogo mlangoni. Nilikaa ndani nikimsikia anakohoa."

Kumbe ndiko alikokwenda.

"Baadaye akaacha kuita. Nilipotoka alikuwa ameondoka." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Nataka kujua nilimfungia mlango mtu gani."

Uwanja wote wa shule ulikuwa ukinitazama, lakini mimi nilimwona yeye tu.

Nikisema baba yake alijua, ataendelea kumchukia mtu aliyempenda, lakini ataweza kulala. Nikisema hakujua, nitamrudishia baba yake, na papo hapo nitamkabidhi ule mlango, aubebe maisha yake yote. Nami jina la mama sitalisikia tena kinywani mwake, wala sistahili.

Toé akaingia katikati, uso umemkauka. "Jamani, huyu mtumwa wangu hajala tangu—"

"Kaka," akasema Talato, bila kumtazama, "leo utani ukae."

Toé akarudi nyuma.

Nikainua maiki. Ilikuwa nzito kuliko kawaida.

"Talato," nikasema.

"Usiniite. Jibu."